Kigari cha Viti Viwili

Vigari vilikuwa viwili, na mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kuchagua kabla hatujafika sokoni. Alikuwa na tabia hiyo. Ukimwomba ushauri alikusikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akakwambia lile aliloliamua jana yake.

Tulisimama kwenye banda la mwanamke anayeuza salaula, mitumba inayoletwa Nchelenge kwa lori kutoka Lusaka. Katikati ya marobota ya mashuka na viatu alikuwa ameviweka vile vigari, amevifuta vumbi vizuri. Cha kwanza kilikuwa cha buluu, cha kiti kimoja, magurudumu mazima, kofia yake ya jua haijachanika. Cha pili kilikuwa kipana, chekundu kilichochujuka, viti viwili vimekaa bega kwa bega. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja mikononi. Hesabu hiyo hata kuku angeiweza.

"Hiki," nikasema, nikakishika kile cha buluu.

"Ile," mama mkwe akasema, akakinyooshea kidole kile kipana. "Mapasa habapandi pusete ya mutu mumoja." Kigari anakiita pusete.

Nilikuwa nimezaa mapasa, yaani mapacha, wote wavulana, kwa kupasuliwa, katika hospitali ya hapa hapa. Wa kwanza ndiye niliyempakata siku ile sokoni. Wa pili alikaa nasi siku nne. Asubuhi ya siku ya tano nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya, na mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu amejipaka chokaa nyeupe usoni. "Mwenzake amerudi," akaniambia, kwa sauti ambayo mtu angekuambia maji yamechemka.

Kwetu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo tulikotoka, mapasa hawafi. Hurudi. Na kwa kuwa hawafi, hawaliliwi. Ukimlilia aliyerudi unamfundisha aliyebaki njia. Wanawake wa kwetu wanaoishi Nchelenge walikuja wodini wakaimba nyimbo za mapasa, zile zenye matusi ya chini ya kiuno ambayo siku nyingine yangekufikisha mbele ya mchungaji, nami nilitakiwa kucheka. Nilicheka. Nyuzi za tumboni zilinivuta kwa kila kicheko, nikashukuru, maana angalau nilipata sababu ya kutokwa na machozi. Wakati huo wanawake wengine walikuwa wamekwenda kumlaza kwenye udongo wenye unyevu kando ya matete, chini ya barabara upande wa ziwani, mahali ambapo mimi sikupaona.

Baada ya hapo ilibaki sheria moja tu, usawa. Ukimnunulia aliyebaki kofia, unanunua mbili. Ukimfunga ushanga, wa pili unautundika ukutani. Aliyerudi hayuko mbali, na akimwona mwenzake anapata peke yake, atamwita. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, naimba kwaya, na ni mtu wa kubishana tangu utotoni. Lakini nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu anayepumua, na sikuwa tayari kubishana kwa kutumia pumzi yake.

Sokoni, hata hivyo, nilijaribu. Kigari chenyewe tulikihitaji kwa sababu kidonda changu kilikuwa kimefunguka mara ya pili, na muuguzi alinikataza kubeba mtoto mgongoni. Mama mkwe naye magoti yake yalikwisha kumwachisha mizigo siku nyingi. Nikamwambia kile cha buluu ni chepesi, kinapita kwenye mchanga. Nikamwambia kile kipana hakitaingia mlangoni. Muuzaji, Mzambia mwenye Kiswahili cha biashara, akaona wateja wanataka kumponyoka, akaingilia kati. "Bamama, hii kubwa ni strong sana. Angalia, kiti moja iko mupya kabisa!"

Nikaangalia. Alisema kweli. Kiti cha kulia kilikuwa kimechakaa, kitambaa kimelainika na kuwa cheupe pale mtoto alipokalia, mkanda umetafunwa na meno madogo. Cha kushoto hakikuwa na hata doa. Kitambaa chake kilikuwa bado kigumu, na kifungo cha mkanda bado kilikuwa ndani ya kiplastiki chake cha kiwandani. Huko kigari kilikotoka, katika nyumba nisiyoijua na nchi nisiyoijua, kulikuwa na mwanamke aliyenunua viti viwili akatumia kimoja.

Mama mkwe naye aliona. Alikitoa kile kiplastiki kwa kucha, akakitia mfukoni.

Nikampigia simu mume wangu, aliyekuwa Chisenga, kwenye kambi za kisiwani, akinunua chisense, vidagaa vya ziwa letu. Alinisikiliza, upepo ukivuma kwenye simu, kisha akauliza, "Mama anasema namna gani?" Nikakata. Tukanunua kipana.

Kigari cha viti viwili chenye mtoto mmoja hakiendi sawa. Njia ya kutoka kwetu kwenda boma, mjini penyewe, ni ya mchanga, na ziwa liko upande wa kushoto mwendo mzima. Mwanangu alikaa kulia, kwenye kile kiti kilichochakaa, na kigari kikawa kinajipeleka kulia, kwenye mihogo ya watu. Nilikuwa nakirudisha, kinakwenda tena. Siku ya tatu nilichoka nikatafuta dawa, na hapa ni lazima niseme wazi kwamba wazo la mfuko lilikuwa langu. Hakuna aliyenishauri.

Pale sokoni ninapouza mafuta ya mawese, jirani yangu ni muuza samaki mwenye mizani ya kuning'inia. Nilimweka mwanangu ndani ya beseni, nikampima. Kisha nikachukua mfuko mdogo wa unga, mtupu, nikaujaza mchanga wa ziwani mpaka mshale ukasimama palepale. Nikaufunga kwa fundo langu mwenyewe, nikauketisha kushoto, nikaufunga mkanda. Kigari kikanyooka. Nilifurahi kama fundi.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe aliutazama ule mfuko kwa muda mrefu. Niliogopa atakasirika. Badala yake aliingia ndani akatoka na kipande cha kitenge, kilekile alichofunikwa mwanangu, akaufunika mfuko mpaka shingoni, juu ya fundo akaweka ile kofia ya pili.

"Sasa bameenea," akasema. Sasa wametosha.

Watu walituzoea upesi. Njiani wanawake wa Kibemba waliniamkia kwa heshima ya mama wa mapasa, "Nampundu, ampundu bali shani?", mapasa hawajambo, nami nikajibu kwamba hawajambo. Hakuna aliyeuliza ndani ya kitenge kuna nini. Wengine waliinama wakamchekea mwanangu, kisha, kwa adabu, wakauchekea na mfuko.

Mtoto alipotimiza miezi sita nilianza tena biashara kila siku. Alfajiri nilimnyonyesha, nikapika chungu cha uji wa mahindi na karanga, nikamwachia bibi yake, nikaenda sokoni mpaka alasiri. Jioni nilimnyonyesha tena. Chungu nilikikuta kitupu kila siku, kimeoshwa, kimefunikwa. "Anakula?" nilikuwa nauliza. "Anakula muzuri," mama mkwe alinijibu. Na hakuwa mwongo.

Ndipo mambo yakaanza kuja, moja moja.

La kwanza lilikuwa kichwa. Mwanangu alianza kugeukia kushoto. Ukimketisha kwenye kigari alitulia kidogo, kisha kichwa chake kikageuka polepole kuelekea kile kiti cha pili, akafungua kinywa. Hakulia. Alikifungua, akakifumba, akakifungua tena, macho yamekazwa mahali pamoja juu ya ule mfuko. Muuza samaki alimwona Jumamosi moja nilipokuja naye sokoni, akaacha kuparua samaki. "Anazungumuza na mwenzake," akasema, akajifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wenye magamba.

Nilimwambia asiniletee upuuzi. Lakini tangu siku hiyo sikumwangalia mwanangu kwa jicho lilelile. Nilikuwa namwona anageuka, kinywa kinafunguka, na ngozi yangu inasisimka mpaka kwenye unyayo. Nilijaribu kuweka kitambaa katikati ya viti. Akawa anakivuta.

La pili lilikuwa njia. Kigari kilianza kuvuta kushoto. Mwanzoni nilidhani gurudumu limelegea, nikamwita fundi baiskeli, akakigeuza juu chini, akasema magurudumu hayana neno. Lakini kila nilipopita na kigari kwenda boma, kiganja changu cha kushoto kilichoka kwa kukizuia. Kilitaka kuacha njia. Kilitaka kushuka kule chini penye matete. Nyuma yetu, kwenye mchanga, mstari wa gurudumu la kushoto ulikuwa umezama kuliko wa kulia, na kila nikigeuka kuutazama niliona umezama zaidi.

La tatu sikutaka kuliona. Mwanangu alikuwa anakonda. Mikunjo ya mapajani ilikwisha. Shingo ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa, na nywele za kisogoni zikageuka rangi. Usiku alininyonya kwa nguvu, mpaka nikaumia, na bado alilia.

Kulikuwa na jambo jingine, ila hilo nililicheka. Bata wa jirani yetu, ambao zamani walikuwa mifupa na kelele, walikuwa wamenona ajabu. Walijaa nyuma ya jiko letu wakinisubiri kama nina deni lao. Nilimwambia jirani kwamba Krismasi yake safari hii itakuwa ya kifalme.

Sasa niseme kosa langu, maana mama mkwe alifanya lake kwa imani, mimi nililifanya langu nikijua. Mwezi ule nilitakiwa kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, ile tunayoiita andafaivu. Sikumpeleka. Niliamka siku hiyo, nikamtazama, nikaona kinywa kinafunguka kuelekea kushoto, nikajiambia kwamba jambo hili si la mizani ya serikali. Mimi, wa kidato cha nne! Nilinunua ushanga mpya, miwili, mmoja nikaufunga kwenye kiuno cha mwanangu, mwingine kwenye shingo ya mfuko. Nilipokuwa naufunga nikasema kwa sauti ya chini, nikiwa peke yangu chumbani, "Mwachie mwenzako. Nakuomba, baba. Mwachie."

Mwezi uliofuata muuguzi alinitumia ujumbe kupitia kwa mwanamke wa mtaani, kwamba nisipokuja atakuja yeye. Nilikwenda. Alimvalisha mwanangu ile kaptula ya kupimia, akamtundika kwenye mzani, akaangalia kadi, akaangalia mshale, akaangalia kadi tena. Mstari wa kadi ulikuwa umeshuka. Akaniuliza ninampa nini. Nikamwambia uji wa karanga, chungu kizima, kila siku. Akanitazama kama anavyotazamwa mama anayedanganya, akaniambia mtoto akipungua tena tutalazwa, na kwamba watoto wa namna hii akiwapokea kwa kuchelewa hawezi kuniahidi kitu.

Nilitoka pale nikisukuma kigari, na kigari kikawa kinavuta kushoto kuliko siku zote. Nilifika sokoni nikasimama penye chupa zangu. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye mzani na kichwa changu kilikuwa bado huko. Niliufungua mkanda wa kushoto, nikaunyanyua mfuko, na kabla sijafika nao kwa muuza samaki mgongo wangu ulikwisha kunijibu. Tukautundika.

Ulikuwa umekua.

Mfuko niliouacha sawa na mtoto wa miezi mitatu ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi tisa, mtoto mzima wa afya, anayekula vizuri. Fundo lilikuwa langu, lilelile, la kuzungusha mara mbili na kuingiza mkia ndani. Muuza samaki alirudi nyuma hatua moja. Mwanangu kwenye kigari aligeuza kichwa akaufuata mfuko kwa macho pale ulipokuwa unaning'inia, akafungua kinywa.

Sijawahi kuogopa hivyo, si siku tuliyovuka ziwa tukikimbia, si siku ya kisu cha daktari. Nilijua kwa hakika kwamba mmoja wao alikuwa anamla mwenzake, na kwamba ni mimi niliyemwekea kiti na kumfunga mkanda.

Siku ya pili yake nilikwenda sokoni kama kawaida, nikapanga chupa za mafuta, nikakaa. Sikuweza. Ilipofika saa nne nilimwomba muuza samaki aniangalizie biashara, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya kupita kwenye mihogo. Nilitaka kuuchukua ule mfuko na kuutupa ziwani kabla mama mkwe hajaniona. Nilipofika penye ua wa matete nyuma ya jiko, nikasikia anaongea. Nikachungulia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kigari, chungu cha uji miguuni, vikombe viwili mapajani. Alichota kijiko, akakipuliza, akakiingiza kinywani mwa mwanangu. "Na weye," akasema. Kisha akachota kijiko cha pili, akakipuliza vilevile, kwa upole uleule, akakipeleka kushoto. Akakishikilia mbele ya kofia ya mfuko kwa muda ambao mtoto humeza, kisha akakimimina kwenye kikombe cha pili. Akapangusa kitenge cha mfuko kwa kidole, pale ambapo kidevu kingekuwa. "Na weye," akasema, akarudi kulia.

Na mwanangu, kila kijiko kilipokwenda kushoto, aligeuza kichwa kukifuata, akafungua kinywa.

Nilisimama pale nyuma ya ua nikaangalia vijiko sita, vijiko saba. Mwanangu hakuwa anazungumza na mwenzake. Alikuwa anaomba kijiko.

Kikombe cha kushoto kilipojaa, mama mkwe aliinuka kwa shida ya magoti yake, akaenda nyuma ya jiko akakimimina chini kwa heshima, na bata wakaja mbio. Akarudi, akalifungua fundo langu, akainama akachota gao la mchanga, akalitia ndani ya mfuko, akaufunga tena kwa kuzungusha mara mbili na kuingiza mkia ndani. Wanawake wa ziwa letu wote hufunga hivyo. Ni fundo la mifuko ya chisense. Nililiitaje langu?

Niliingia uani nikipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, na ninayoyakumbuka sitayaandika, kwa kuwa mkwe hatukanwi. Nilitaka kumpiga. Nilimnyang'anya kijiko. Yeye aliketi wima, kikombe mkononi, akasubiri nipumue.

"Mutoto akikula peke yake, mwenzake atamwita," akasema.

"Anamwita na njaa, mama! Unamuua na njaa!"

"Mi ninagawanya sawasawa. Sijamuiba hata kidogo."

"Na uji wake unawapa bata?"

"Kitu ya pasa hairudi mu chungu. Haiko ya mutu mwingine kukula." Kisha, kwa kuwa niliendelea kupiga kelele, akasema jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kuniambia. "Mbele ya kuzaa bwana yako nilizaa mapasa. Wa kwanza akarudi. Mi nililia. Banamama bakanikataza, mi nikalia siku tatu. Wa pili akamufuata." Alikitazama kikombe. "Ule mchanga, mi ninaongeza kila siku ya uji, juu mutoto anakomea, anakuwa mukubwa. Haifai mumoja akomee, mwingine abakie mudogo."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Nililia yale ya wodini na yale ya miezi yote tisa, kwa sauti, na mama mkwe alitupa kikombe akaniziba kinywa kwa kiganja chake, akiniambia nyamaza, nyamaza, atasikia. Kiganja kilinuka karanga. Nilikiuma. Sijivunii hilo. Aliondoa mkono wake akautazama, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza na yeye, bila sauti, machozi yakipita kwenye makunyanzi yake yakadondokea kwenye kitenge. Tukalia mpaka tukachoka, wawili, saa tano ya mchana, na bata wametuzunguka.

Mwanangu hakufa kwa kulia kwetu. Alikuwa anatutazama. Alikuwa na uji kidevuni na alikuwa na njaa.

"Mwangalie," nikamwambia mama mkwe. Nilichota kijiko nikakipeleka kushoto polepole. "Angalia kinywa chake."

Akaangalia. Naamini ndiyo mara ya kwanza aliona, kwa sababu kila kijiko kilipokwenda kushoto, macho yake yeye yalikuwa kushoto pia. Akanipokonya kijiko. Alikishikilia mbele ya mfuko kama kawaida, akasema, "Hii ni yako," kisha mkono wake ukarudi kulia, akakiingiza kinywani mwa mwanangu. Mwanangu akameza. Mama mkwe hakumtazama. Aliutazama mfuko, kama mtu aliyegonga mlango wa watu anavyosubiri kujibiwa. Upepo ulipita kwenye ua, ile kofia ikasogea kidogo, ikatulia.

Akachota kingine. "Hii ni yako." Kushoto, kisha kulia. Akameza.

"Amekubali," mama mkwe akasema. "Anakula na kinywa ya mwenzake."

Tangu siku hiyo mwanangu alikula mafungu mawili. Kijiko chake, kisha cha mwenzake, vyote kinywa kimoja. Muuguzi alituongezea pakiti za karanga za dawa, na mstari wa kadi ukaanza kupanda. Niliuacha mfuko kwenye kiti, maana bila mfuko tungerudi kwenye mihogo ya watu, lakini kila mwisho wa mwezi niliupima mimi, mbele ya muuza samaki, na nilitia mchanga mimi. Kichwa cha mwanangu kiliacha kugeuka. Bata wa jirani walikonda, na Krismasi yao ikawa ya kawaida.

Alipoanza kutembea tulikikunja kigari tukakiweka nyuma ya mapipa ya mafuta. Mchanga niliumwaga mlangoni. Mwaka huu mwanangu yuko darasa la kwanza, anakula sana, na bado humeza mara mbili kwa kila tonge.

Na mwaka huu nimezaa tena. Binti. Mume wangu alisema safari hii tununue kigari kipya, cha kiti kimoja, ana akiba. Nilimwambia ngoja kwanza, nikakitoa kile cha zamani, nikakiosha, nikakianika uani. Kilipokauka juani nikaona viti vyote viwili vimechakaa. Kitambaa cha kushoto kilikuwa kimelainika na kuwa cheupe pale katikati, sawa na cha kulia, hata usingeweza kusema ni upande gani uliokaliwa na mchanga.

Nilimlaza binti yangu kulia. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Macho yake sasa ni mabovu, lakini alijua.

"Juu ya nini unamulaza pale kwa kaka yake mukubwa?" akauliza. "Mulaze huku."

"Mama, hicho ni kiti cha yule."

"Yule?" Alicheka kidogo, kwa kunishangaa. "Yule ameisha kukomea, mwanangu. Iko na miaka yake. Asubui bameenda pamoja ku masomo."

Alisema kwa sauti ile ya maji yamechemka. Nikamnyanyua binti yangu, nikamlaza kushoto, nikamfunga mkanda.

Tulipotoka kwenda kliniki hakukuwa na mfuko upande wa pili. Kigari kikaanza kuvuta kushoto, kuelekea ziwani, kidogo tu, kwa uzito wa mtoto wa wiki tatu. Kiganja changu kilikuwa tayari kukizuia, maana kilizoea. Kisha nikakiacha. Kikateremka chenyewe kwenye njia ya wavuvi, kikapita kati ya mikeka ya chisense iliyoanikwa, kikasimama mchanga ulipokuwa matope, mbele ya matete. Palikuwa mahali pa kawaida, penye chokaa nyeupe kidogo kwenye jiwe, na alama mpya za vidole. Mama mkwe alikuwa amekuja hapa miaka yote hii, na hayo magoti yake.

Nilimgeuza binti yangu aone alipolazwa kaka yake kabla hajakua. Sikulia. Mtoto aliyekwenda shule haliliwi.